Karata ya Bure

Mimi ni msemaji, sikatai. Wateja wangu pale Bariadi wanajua: ukiniletea kitambaa kisichokufaa nitakwambia hakikufai, na ukija na gauni lililoshonwa ovyo nitakuuliza ni nani huyo aliyekuonea. Nimeshagombana na mwenye fremu ya duka, nimegombana na muuza chai, na fundi mwenzangu wa jirani nimemnunia mwezi mzima kwa ajili ya mkasi. Kwa hiyo nikisema kwamba jambo moja nililolitaka kuliko yote nililikosa kwa sababu ya kukaa kimya, watu wanacheka. Wacheke tu. Nilikaa kimya, na nilikuwa nimeshika karata.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha poka. Amenizidi miaka minne. Alikuwa amefanya kazi ya jikoni misimu mitatu kwenye kambi moja ya watalii upande wa hifadhi, na aliporudi nyumbani kwetu Nkoma alikuja na vitu vitatu: ujuzi wa kuoka mkate kwenye mkaa, koti zito la kijani lililoachwa na mgeni, na pakiti ya karata iliyoanza kuchanika kona. Mama alifurahia mkate. Baba alilitazama koti akauliza kama lina mfuko wa ndani. Karata zikawa zangu mimi na yeye.

Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya kuzika. Nilikaa nyumbani, nachota maji, napalilia, navuna, nachambua pamba. Jamani, pamba! Unakaa kitako tangu asubuhi, safi kando, ile chafu tunayoiita fifi kando, mpaka vidole vinakuwa na mikwaruzo na pua imejaa vumbi. Baada ya kula mchana, jua likiwa kali kiasi kwamba hata mbuzi wanabanana kwenye kivuli cha ukuta, tulikuwa tunapumzika kidogo barazani. Kaka analaza kipande cha ubao juu ya ndoo iliyofunikwa, tunaegemea magunia, anachanganya karata. Fedha hatukuwa nazo na hatukuzitaka. Tulicheza kwa dengu.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anapewa karata mbili anazozitazama peke yake. Kisha katikati zinafunuliwa tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Hizo tano ni za wote, na wewe unazichanganya na zako mbili upate tano zenye nguvu. Kila zinapofunuliwa, unaweza kuweka dengu, mwenzio naye afuate, aongeze, au atupe karata zake akuachie kila kilichopo. Au unaweza kugonga ubao kwa kidole, maana yake umepita, huweki kitu. Wote mkigonga, karata inayofuata inafunuliwa bure.

Siku mbili nikawa nimeelewa. Siku ya tatu kaka akagundua ugonjwa wangu.

Ugonjwa wangu ulikuwa huu: nikiwa sina kitu, naweka dengu kwa vishindo na maneno mengi. Nikiwa na karata nzuri, nagonga ubao. Naangalia pembeni, nakohoa, namuuliza mama kama kuku wamerudi. Nilidhani ndiyo akili. Na kusema kweli sikuitoa mbali, niliitoa mezani kwa baba yangu.

Baba ana ng'ombe. Ukiniuliza wangapi nitakwambia sijui, na si kwamba nakuficha wewe. Hata mimi nilifichwa. Zizini kwetu walikuwepo wa kukamua, wa kulimia, na ndama wachache. Wengine walikuwa Lingeka kwa rafiki yake wa ujanani. Wengine Ipililo kwa shangazi. Kisukuma tunaita kubilisa: unampa mtu ng'ombe akutunzie, yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na zizi la mtu wa kawaida. Ugonjwa ukiingia sehemu moja, hautamaliza wote, na hiyo ndiyo sababu wanayokutajia mchana kweupe. Lakini ipo na nyingine, kwamba jirani hana haja ya kujua. Siku moja mgeni aliuliza idadi mbele yetu, na baba akajibu kwamba wapo wapo, Mungu anasaidia, kisha akaanza kuzungumzia mvua.

Tulilelewa hivyo kwa kila kitu. Dengu zikikubali, unasema siyo haba. Mtoto akifaulu, amejitahidi kidogo. Kuku wakichinjwa wawili, mmoja anabaki jikoni mpaka mgeni aondoke. Mama yangu, ambaye anampenda baba na hilo kila mtu analiona, sijawahi kumsikia akilitamka. Alikuwa anamwekea maji ya kuoga, basi. Nyumba nzima tulikuwa tunajua kitu kizuri hakiachwi nje.

Isipokuwa kaka. Yeye alikuwa anasema. Akipenda chakula anasema anakipenda, anataka na kesho kipikwe. Mimi nilikuwa na tabia ya kushona kwa mkono, narekebisha sare za watoto wa majirani, nageuza magauni ya mama ya zamani. Hakuna aliyewahi kusema neno. Jioni moja kaka akaliinua gauni nililokuwa nimelibadilisha shingo, akamwonyesha baba, akamwambia huyu mtoto ni fundi, anunuliwe cherehani, apelekwe mjini ajifunze, na kama baba hataki basi yeye atarudi kambini atafute njia. Mbele ya watu! Nilitamani ardhi ipasuke. Usiku huo sikulala kwa furaha, na asubuhi nilimwambia kaka kwamba ameniaibisha. Ndivyo nilivyomshukuru.

Baba alisema atafikiria. Tangu siku ile kaka akawa ananiita fundi, kabla sijawahi kukalia cherehani hata dakika moja.

Basi kwenye karata akawa ananifundisha kwa ukali. Alisema wageni wa kambini walikuwa wanacheza kila jioni, na aliyekuwa akiliwa kila siku hakuwa mjinga asiye na karata. Alikuwa ni yule mwenye karata nzuri anayezilalia. Alinichorea kwa dengu juu ya ubao. Kama zile tatu za katikati zimetawanyika, alama tofauti, namba zimeachana mbali, hapo ubao ni mkavu, unaweza kumvuta mwenzio polepole maana hakuna karata nyingi za kukugeuzia kibao. Lakini kama mbili ni za alama moja, au namba zinafuatana, ubao ni wa tope. Mwenzio anaweza kuwa hana kitu kabisa sasa hivi, na karata moja tu ikamfanya akuue.

"Ukiwa nazo mapema, ziseme," aliniambia. "Mbane. Atoe dengu zake au atupe karata. Ukimpa karata ya bure umemwachia zizi wazi, halafu unashangaa ng'ombe wako wako shambani kwa watu."

Nikaitikia. Siku iliyofuata nilipata bibi wawili mkononi na bibi wa tatu akaja katikati, ubao mkavu kabisa. Nikagonga. Kaka akajiona mwamba, akaweka. Nikafuata kwa kuguna, kama mtu anayeng'olewa jino. Akaweka tena, na tena, mpaka mwisho nikamfunulia bibi zangu na kukomba dengu zake zote. Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Nilimtania siku mbili nzima: kwenye kuchota maji, kwenye kula, nikipita nyuma yake nagonga chochote kilicho karibu, ukuta, sufuria, mgongo wake. Na yeye alicheka. Akasema haya, lakini huo ulikuwa ubao mkavu, usijizoeshe.

Nikajizoesha. Ushindi ule ndio ulioniharibu.

Mwaka ule malisho yalikuwa yamebana kwelikweli. Kila mahali pamelimwa pamba, upande wa pili ni hifadhi, ng'ombe wakivuka unawafuata kwa wakubwa wa hifadhi. Baba mdogo alikuwa amehamia Katavi miaka mingi nyuma na mifugo yake, akawa anapiga simu kwamba huko nyasi bado zipo, maji yapo, alete hata nusu. Baba akaamua kupeleka. Wale wa Lingeka na wa Ipililo wangekusanywa, kibali kikatwe, lori lije. Ila ng'ombe hawaendi peke yao. Alitakiwa mtoto wa kiume wa kwenda kukaa nao, na kukaa maana yake kukaa, siyo kutembea. Mtoto wa kiume kwetu ni mmoja.

Baba alimwita kaka, akamweleza, akamalizia kwa kusema, "Sikulazimishi. Nipe jibu Jumamosi."

Kwetu neno hilo lilikuwa zito kuliko amri. Baba akikulazimisha unaweza kugoma, ukanuna, mkaongea. Asipokulazimisha unabaki peke yako na jibu lako. Kaka akasema atafikiria. Siku zile alipunguza maneno. Alikuwa anakaa kwenye kingo za zizi jioni, mikono imening'inia, hacheki wala hanuni. Nilimwuliza mara moja anaonaje, akaniuliza wewe unaonaje. Nikamjibu mambo ya ng'ombe ni ya wanaume.

Mungu wangu. Mimi, mwenye mdomo huu.

Maana ukweli ulikuwa kwamba nilikuwa naumwa. Nilikuwa nikiwaza nyumba ile bila yeye, barazani mimi na magunia, chakula kinaliwa kimya, hakuna wa kusema kimekolea chumvi au hakikukolea. Nilitaka abaki. Nililitaka hilo kuliko cherehani. Na kadiri nilivyolitaka ndivyo nilivyozidi kufanya kazi kwa bidii na kuongea habari nyingine.

Jumamosi ikafika. Tulikula ugali na mlenda, mama akaenda kulala kidogo, baba alikuwa kwenye kivuli cha ghala anasokota kamba. Kaka akaleta ndoo na ubao, akakaa. Alikuwa hajatoa jibu. Akachanganya karata muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema tufanye hivi: tunagawa mara kumi. Mwisho mwenye dengu nyingi ndiye mshindi. Mimi nikishinda, anabaki, na atamwambia baba kwamba amenipa ahadi yake. Yeye akishinda, anaondoka na lori Jumatatu. Alikuwa anatabasamu, na sauti haikuwa ya utani.

Nilimwuliza kama ni kweli. Akasema kweli. Nami nikajua baba angeikubali sababu hiyo, kwa kuwa kwetu mtu akishatoa ahadi, hata iwe ya kipuuzi kiasi gani, hakuna anayemwambia aivunje. Baba angeguna, angetafuta kijana wa kuajiri, mambo yangekwisha. Nikamwambia, haya, gawa, usinipotezee muda.

Tulicheza vizuri, wote wawili. Hakuna aliyekuwa anatania. Mara tisa tukagawa, mara nyingine yeye anachukua, mara nyingine mimi, dengu zikawa zinakwenda na kurudi. Kufika mgao wa kumi nilikuwa nimemzidi chache tu. Atakayechukua mgao ule ndiye mshindi.

Nikanyanyua kona za karata zangu. Tisa ya pau na tisa ya uru. Kila mmoja akaweka dengu zake za kuanzia, kaka akafunua tatu.

Tisa ya kopa. Bibi ya shupaza. Nne ya kopa.

Nilikuwa na tisa tatu. Kwa mchezo wa watu wawili, mtu akipata hizo mapema namna ile anatakiwa amshukuru Mungu na kumaliza kazi. Na pale ubaoni zilikuwepo kopa mbili, nyekundu, zimenikodolea macho. Ubao wa tope. Nilikuwa nimefundishwa jambo hili na mtu yuleyule aliyekaa mbele yangu. Nilitakiwa kusogeza dengu zangu zote mbele, papo hapo, nimwache achague kutoa au kutupa.

Nilijua. Nataka ieleweke kwamba nilijua. Lakini mkono wangu ukakataa. Niliona nikisogeza zote atajua, na si karata tu atakazozijua. Atanijua mimi. Ataona jinsi ninavyotaka. Nikasema moyoni, mvute, mlainishe kwanza, mfanye adhani huna kitu. Nikaangalia kule zizini, nikakohoa, nikagonga ubao.

Kaka akanitazama. Alinitazama kwa muda hata nikajikuna shingo. Kisha naye akagonga, taratibu, na kufunua karata ya bure.

Saba ya pau. Haikumsaidia mtu. Nikapumua. Nikasogeza dengu tatu, kama mtu anayetoa kwa aibu, nikitumaini atapanda juu yake na mimi nimmalize. Hakupanda. Akahesabu tatu zake akaziweka, akafunua ya mwisho.

Mbili ya kopa.

Kwa ujinga wangu sikuiona. Nilikuwa nimeshaamua kwamba huu ndio wakati, nimeshamlainisha, sasa nafunga. Nikasukuma zote, mikono miwili, nyingine zikaanguka chini ya ndoo. Kaka akaziangalia karata zake. Akaniangalia mimi. Akamwangalia baba kule anakosokota kamba. Kisha akasogeza zake, akafunua: ree ya kopa, sita ya kopa. Pamoja na zile tatu za ubaoni zikawa kopa tano, na tano za alama moja zinashinda tatu za namba moja. Tisa zangu tatu zikawa si kitu.

Hakushangilia. Yule mtu aliyekuwa akishinda anacheza ngoma kuizunguka ndoo, siku hiyo alizoa dengu moja moja, akaokota na zile zilizoanguka, akazitia kwenye sufuria, akaenda kwa baba. Niliwaona wanaongea. Baba aliitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea na kamba yake. Jioni mama alizipika zile dengu kwa nazi ya dukani, tukazila, na kila mtu akasema ni nzuri isipokuwa kaka, aliyekula kimya.

Nilikuwa na Jumamosi iliyobaki na Jumapili yote. Mtu mwingine angesema. Angemshika koti amwambie karata ni karata, mimi sitaki uende, mwambie baba hapana. Mimi nililichukua koti hilohilo nikalishonea vifungo upya. Nikampindia suruali mbili. Nikamkaangia karanga, nikamfungia michembe ya viazi kwenye mfuko. Nilimfanyia kila kitu ambacho mikono inaweza kufanya. Jumatatu asubuhi lori lilipokuja, ng'ombe wanapiga kelele, vumbi, vijana wanasukuma, kaka akasimama karibu na mlango wa dereva kama mtu aliyesahau kitu. Nikamwambia asisahau chaja. Akasema ipo. Akapanda.

Nilipelekwa mjini kujifunza ushonaji mwaka uliofuata. Baba alikuwa amefikiria, kumbe. Sasa nina fremu yangu, vyerehani viwili, na binti anayenisaidia kudarizi. Siwezi kulalamika kwamba maisha yamenionea. Lakini kuna saa, hasa ile baada ya chakula, soko linapopoa na wauza mitumba wanasinzia juu ya mafurushi yao, ndipo namkumbuka. Namkumbuka jinsi alivyokuwa akiimba kwa pua akiwa hana karata, nami nikimsikia najua kabisa hana kitu, na sikuwahi kumwambia kwamba najua. Nakumbuka alivyokuwa akianza kucheka kabla hajafika mwisho wa kichekesho, kichekesho chenyewe kinaharibika, sisi tunacheka kwa ajili ya kile kicheko chake. Hakuna mtu anayeniita fundi kama yeye alivyoniita. Siku hizi wananiita fundi mji mzima na sisikii kitu.

Nimepakua mchezo wa poka kwenye simu. Nacheza na watu nisiowajua, kwa vidude vya bure visivyonunua hata kiberiti. Nikipata karata nzuri kwenye zile tatu, naweka zote. Sisubiri hata sekunde. Wananikimbia, wanatupa, napata kidogo, naridhika. Binti ninayefanya naye kazi ananiambia nacheza kwa hasira. Namwambia ashone.

Kaka amekuja mara mbili tu tangu aondoke. Mara ya kwanza alileta mke kumwonyesha mama, akakaa siku nne. Mara ya pili alikuja mwenyewe baba alipolazwa, akakaa siku sita, zote hospitali. Amenenepa mabega. Anaongea Kiswahili kilichochanganyika na cha kule. Ana watoto watatu, na wa mwisho mimi namjua kwa picha. Mara zote mbili nilimpikia, nikamfulia, nikamuuliza habari za mvua. Karata hatukugusa.

Ananipigia kila Jumapili mchana. Tunaanza kwa salamu za kwetu, mwadila, mwadila, tunaulizana afya, tunaingia kwenye bei ya pamba na mambo ya ng'ombe. Jumapili moja mwaka huu nilikuwa nimefungua fremu kwa sababu ya sare za shule, nimekaa kwenye cherehani, simu nimeibana na bega. Akawa anacheka. Akasema amemfundisha binti yake mkubwa karata, lakini mtoto ni shida, akipata nzuri anazificha, anaangalia juu ya bati. Nikamwambia damu hiyo. Nikasubiri acheke tena, hakucheka.

"Siku ile," akasema, "ungeweka dengu zako zote zilipofunuliwa zile tatu, ningetupa."

Nikamwambia hilo nalijua, alikuwa na ree tu mkononi, hana kitu kingine, ndivyo karata zilivyo.

"Hapana, nisikilize. Ningetupa hata ningekuwa na nini. Nilikuwa natafuta pa kutupia. Kumwambia baba hapana nilishindwa, nikasema acha fundi anishinde, nitakuwa na neno la kumwambia mzee. Nikakuangalia. Nilikuwa nangoja unibane. Wewe ukagonga ubao."

Niliacha kukanyaga cherehani. Nikamwambia nilikuwa na tisa tatu. Nikamwambia nilikuwa namtega, nilitaka kumvuta, yeye mwenyewe alinijua nilivyo.

"Niliziona mwisho," akasema. "Lakini wakati ule sikuziona karata. Nilikuona wewe unaangalia ng'ombe. Nikajua kumbe hata kwako ni sawa tu, niende, nisiende."

"Na nilipoweka zote?"

"Nilidhani umechoka, unataka tumalize ukalale."

Mteja mmoja alisimama mlangoni na sare mkononi, nikamfanyia ishara asubiri. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijilaumu kwa mchezo mbaya, kwamba nilimpa karata ya bure ikamletea ile mbili. Kumbe mbili ya kopa haikuwa na neno. Mtu alikuwa amekaa mbele yangu anaomba kuzuiwa, na mimi nikamwonyesha kwamba anaweza kwenda.

Nikasema, na sauti haikuwa yangu, "Kaka, mimi sikutaka uende. Sikutaka kabisa. Rudi nyumbani."

Upande wa pili nikasikia ng'ombe, na mtoto anauliza baba anaongea na nani. Akamjibu ni shangazi yako wa Bariadi. Aliponirudia mimi, sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi wowote ndani yake.

"Wanangu wamezaliwa huku, fundi. Hayo ungeniambia siku ile."

Akasema nimsalimie mama, salio lake linaisha. Simu ikakatika. Salio halikuwa linaisha. Huwa anajiunga kifurushi cha mwezi, ameshaniambia mara nyingi. Nikampigia mimi. Ikaita mpaka ikakatika, nikapiga tena.